Kijani Kwenye Tangi

Dorothy aliziogopa taa za kiwanda kile tangu wiki yake ya kwanza kazini. Kilikuwa kiwanda cha kukoboa kahawa, pembeni kidogo ya mji wa Mbinga, mali ya vyama vya wakulima, na ndani yake mlikuwa na mashine nne zilizonunuliwa nyakati tofauti kutoka nchi tofauti. Kila moja ilikuja na kompyuta yake ya kuiendesha, na kila moja ilikuwa na tabia zake, kama wake wenza wasiosalimiana. Mashine ya kukaushia ikizunguka iliwasha taa ya kijani. Ya kukoboa ikizunguka iliwasha ya njano. Ya kuchambua haikuwa na taa kabisa, ila maandishi ya Kichina yaliyopita kwenye kioo, ambayo waendeshaji waliyatambua kwa umbo kama mtu anavyotambua uso wa jirani.

Ya nne ndiyo iliyomnyima usingizi. Ilikuwa tangi kubwa la chuma, refu kupita paa la nyumba, walimohifadhi kahawa ya maganda kabla ya kuikoboa. Chini yake ililala skrubu ndefu, nene kama paja la mtu mzima, iliyosukuma kahawa kwenda mbele. Waliotengeneza tangi lile, miaka mingi iliyopita, walikuwa na mawazo yao: taa nyekundu maana yake skrubu inazunguka, kaa mbali, taa ya kijani maana yake imesimama, unaweza kusogea. Na kitufe kilikuwa kimoja tu. Ukikibonyeza inawaka, ukikibonyeza tena inazimika.

Kwa miaka yote hiyo hapakutokea baya, kwa sababu kila mashine ilikuwa na mtu wake. Tangi lilikuwa la mzee Othmar, Mmatengo wa kijiji cha Ukata, aliyeliendesha tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alisikia ugonjwa wa skrubu kwa kuweka kiganja kwenye bati mara taa ya kijani inapowaka. Lakini mwendeshaji akiugua, mashine yake nayo ilikuwa kama imeugua, na meneja Leopold alichoka na hali hiyo. Alimwita Dorothy ofisini, akamwambia, "Fundi, nataka mtu akijua mashine moja awe amezijua zote. Vioo vifanane, vitufe vifanane, rangi zifanane. Utaweza?"

Dorothy alisema ataweza, maana ndicho alichosomea Mbeya, na ndicho alichokuwa akikiomba moyoni kwa muda mrefu.

Masika yote alifanya kazi hiyo. Alikaa na waendeshaji, akawauliza wanatazama nini kwanza na mkono unakwenda wapi wakishtuka. Kisha akaziandikia kompyuta zile tatu upya, moja baada ya nyingine, mpaka vioo vyake vikawa kama ndugu wa tumbo moja. Kijani, inafanya kazi. Kijivu, imesimama. Nyekundu, ina hitilafu. WASHA upande wa kushoto, ZIMA upande wa kulia, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Msimu ulipofunguliwa, Walburga, binti wa mashine ya kukaushia, alihamishiwa kwenye kukoboa, na kabla ya chai ya saa nne alikuwa anaiendesha kana kwamba alizaliwa nayo. Watu walipiga makofi. Leopold alimpa Dorothy mkono mbele ya wote.

Tangi lilibaki. Kompyuta yake ilikuwa imefungwa kwa neno la siri, na kampuni iliyolijua neno hilo ilikwisha kufa huko Ulaya. Njia ilikuwa moja: kung'oa kompyuta nzima na kuweka nyingine, na hiyo nyingine ilikuwa bado njiani kutoka Dar es Salaam. Dorothy alitengeneza kifuniko cha bati, akakifunga juu ya paneli ya tangi kwa kufuli, na ufunguo akampa mzee Othmar.

"Tangi bado," alimwambia Leopold. "Asiliguse mtu yeyote isipokuwa mzee, mpaka kompyuta mpya ifike nilimalize."

Leopold aliitikia kwa kichwa, simu ikiwa sikioni.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane Dorothy alishuka ziwani. Kaka yake Hamphrey alikuwa anambatiza mtoto Jumapili pale Liuli, na mama yao alikwisha kutuma ujumbe kwamba shangazi asipoonekana kanisani asije akalaumu watu. Basi lilipokuwa linateremka kuelekea Mbamba Bay, kona baada ya kona, ziwa likijitokeza na kujificha, alijaribu kufikiria ubatizo, nguo, na zawadi ya kitenge aliyomnunulia wifi yake. Mawazo yakagoma. Yalirudi kwenye kifuniko cha bati. Kuna kitu alikuwa hajakipanga vizuri kichwani, na kilimkereketa kama mwiba wa samaki uliokwama kooni: huuoni, lakini kila ukimeza unajua upo.

Jumamosi asubuhi alikuwa uani na mama yake wakigeuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye chanja. Jua lilikuwa limeshapanda.

"Toka umefika unatazama chini tu," mama yake alisema. "Kazi imekushinda huko juu?"

"Haijanishinda, mama. Naiogopa tu."

"Kazi gani hiyo ya kuogopwa na aliyeifanya mwenyewe?"

Dorothy alinawa mikono, akachukua simu, akapanda jabali lililokuwa nyuma ya nyumba, kwa sababu chini pale mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Alipofika juu simu ilitetemeka mfululizo. Ujumbe wa kundi la kiwanda ulikuwa unaingia.

Kulikuwa na picha. Leopold alikuwa na wageni, wanunuzi wa kahawa waliotoka Moshi, na katibu alikuwa amewapiga picha kwa kamera ya ofisi wakizungushwa, akaituma kundini kwa kompyuta ya ofisini. Wageni wamevaa kofia za plastiki, wanatabasamu. Nyuma yao alisimama Walburga, mgongo wima kama askari, mkono wake umeelekezwa kwenye paneli kama anayeonyesha bidhaa. Chini ya picha katibu ameandika: Sasa kila mwendeshaji anaweza kila mashine.

Dorothy aliikuza picha ile kwa vidole. Paneli ilikuwa ya tangi. Kifuniko cha bati hakikuwepo.

Ule mwiba ukang'oka, akauona mzima mzima. Akakaa juu ya jiwe. Zamani kila mtu aliziogopa mashine za wenzake, na woga huo ndio uliokuwa unawalinda. Walburga wa mwaka jana asingethubutu kugusa tangi. Walburga wa leo amefundishwa, kwa mkono wa Dorothy mwenyewe, kwamba kijani maana yake mashine inafanya kazi. Na Jumamosi, kabla ya mapumziko ya mchana, mtu huingia ndani ya tangi na mti mrefu kuangusha kahawa iliyogandamana ukutani. Kabla hajaingia, mwendeshaji huhakikisha skrubu imezimwa. Walburga atatazama taa. Ataona kijani. Atajua inazunguka. Atabonyeza ili aizime, na skrubu itaanza kuzunguka.

Alimpigia Leopold. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba simu zote huachwa getini ndani ya sanduku, za meneja na za vibarua, ili watu wasitazame simu mashine zikiwa zinazunguka. Sheria hiyo ilitungwa mwaka huu. Aliyeiomba alikuwa yeye.

Akampigia mzee Othmar. Huyo alipokea mara moja, na nyuma yake Dorothy alisikia mbuzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Ubatizo unaendaje?"

"Mzee, uko wapi?"

"Niko nyumbani, Ukata. Meneja amenipumzisha. Amesema nimezeeka kwenye lile tangi, acha vijana wajifunze, mashine sasa zote moja."

"Na ufunguo?"

"Alinichukulia jana jioni." Mzee alikuwa mtu mzito wa maneno, lakini hakuwa mzito wa kuelewa. "Nani yuko kwenye tangi leo?"

"Walburga."

"Na anayeingia ndani?"

"Sijui, mzee. Jumamosi huingia nani?"

"Pankras," alisema Othmar, na sauti yake ikawa ndogo. "Huingia Pankras."

Kutoka Liuli mpaka Mbinga hata ukipanda pikipiki ya kichaa mchana utakuwa umekwisha kupita. Dorothy alipekua majina kwenye simu, kidole kikimteleza kwa jasho. Mafundi, simu zao ziko ndani ya sanduku. Katibu, yumo na wageni, bila simu. Akafika kwenye jina la Asteria, mama aliyeuza chai na chapati nje ya geti, ambaye yeye Dorothy humpigia kila siku amwekee maharage kabla hayajaisha.

"Leo nimepika na mchicha," Asteria alisema alipopokea. "Lakini si uko ziwani wewe?"

"Dada Asteria, uko getini?"

"Nipo hapa hapa."

"Mpe simu mlinzi. Sasa hivi. Usimweleze kitu, mpe tu."

Alisikia kandambili zikikimbia, kisha sauti nzito ya Aloisi, mlinzi. Nyuma ya sauti ile kiwanda kilikuwa kinanguruma kama kawaida, na mngurumo huo, ambao siku zote aliupenda, sasa ulimsisimua mwili.

"Kaka Aloisi, Pankras ameingia kwenye tangi?"

"Mimi niko getini, fundi. Ya ndani siyaoni. Nimemwona tu amepita na ule mti wake."

"Amepita lini?"

"Si muda."

"Zima umeme. Nenda chumba cha umeme hapo nyuma yako, shusha mkono wa swichi kuu."

Dorothy aliisikia pumzi ya Aloisi.

"Fundi, meneja ana wageni. Nikizima kiwanda wageni wakiwa ndani, kesho sina kazi. Ngoja nikamwite."

"Ukienda kumwita, Pankras atakufa."

Alilisema kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, na pengine ndiyo sababu Aloisi aliamini. Dorothy alisikia mlango wa chuma ukigonga ukuta. Akasikia mtu akiguna kama anayenyanyua gunia. Kisha ule mngurumo ukaanza kushuka, ukashuka, ukazimika.

Kimya. Juu ya jabali lile upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, na Dorothy aliibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Alikuwa anataka kushukuru Mungu, mdomo ukiwa umeshafunguka, ndipo baridi ilipomwingia mwili mzima.

Jenereta. Umeme ukikatika, jenereta hujiwasha lenyewe. Na lile tangi la kizee, umeme ukirudi, huendelea pale lilipoishia.

"Aloisi. Jenereta. Kile kitufe chekundu kama uyoga, kipo nje, ubavuni. Kibonyeze. Kimbia."

Alisikia hatua kwenye kokoto. Alisikia jenereta likikohoa mara ya kwanza, likakohoa tena, likashika, sauti yake ikaanza kupanda, na Dorothy akafumba macho kama mtu anayesubiri kupigwa. Kisha likakatwa katikati ya kupanda.

Katika ukimya uliofuata alisikia mtu analia, mbali, ndani kabisa ya kiwanda. Alikuwa mwanamke. Na chini ya kilio hicho, kama kinatoka ndani ya mtungi, ukelele wa mwanamume.

"Fundi," Aloisi alisema, akihema. "Kuna mtu anaitwa huko. Wanaita Pankras." Simu ikakatika.

Hamphrey aliwasha pikipiki, dada yake akakaa nyuma na nguo zake zile zile zenye harufu ya usipa, wakapanda. Njia nzima Dorothy hakupiga simu tena, ingawa mtandao ulikuwepo sehemu nyingi. Aliogopa kupokelewa. Kadiri simu ilivyonyamaza, Pankras alikuwa bado ana nafasi ya kuwa hai. Alimfahamu vizuri: kijana mwenye mke na watoto wawili huko Kitai, mcheshi, anayepiga mluzi wa nyimbo za kwaya akiwa ndani ya tangi ili watu wajue yupo. Alijaribu kukumbuka kama alisikia mluzi kwenye simu.

Walimkuta Leopold amekaa kwenye ngazi za ofisi, kofia ya plastiki bado kichwani. Wageni walikwisha kuondoka.

"Yu hai," alisema kabla hajaulizwa. "Amepelekwa hospitali. Kahawa ilikuwa imefika hapa." Akajigusa kifuani. "Wamemfukua kwa mikono na ndoo. Mguu, fundi. Wa kushoto. Skrubu iliufikia."

Dorothy alishikilia nguzo.

"Ulisema zinafanana," Leopold alisema. Hapakuwa na ukali katika sauti yake. Alikuwa kama mtoto anayeuliza. "Si tulikubaliana zinafanana?"

"Tatu, meneja. Nilikwambia tangi bado."

"Uliniambia," alisema Leopold, akaivua ile kofia, akaigeuzageuza mikononi. "Ni kweli uliniambia. Wageni waliniuliza jana kwa nini ile moja ina kufuli. Niliona aibu."

Walburga alikuwa ghalani, amekaa kwenye magunia, vumbi la maganda limemjaa mpaka nyusi. Kucha zake zilikuwa zimekatika kwa kufukua. Dorothy alikaa kando yake.

"Niliona kijani, dada," Walburga alisema.

"Najua."

"Nikasema huyu ameingia mashine inazunguka. Nikabonyeza haraka ili niizime. Ikawa nyekundu. Nikajua ni hitilafu, kama ulivyotufundisha. Nikakimbia kumwita fundi." Alitazama mikono yake. "Ningebaki ningebonyeza tena. Lakini nilikimbia kumwita fundi."

Dorothy alimshika kiganja. Akabaki amekishika mpaka giza lilipoanza kuingia na mtu akaja kufunga ghala.

Madaktari waliuondoa mguu wa Pankras chini ya goti. Tangi lilikaa limezimwa, nyaya zake zimekatwa kwa mkasi na Dorothy mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza kahawa ya msimu itapita wapi. Kompyuta mpya ilipofika aliifunga polepole, akirudia kila waya. Aliweka vitufe viwili, WASHA kushoto na ZIMA kulia. Kwenye mlango wa tangi aliweka swichi yenye ufunguo: mlango hauwezi kufunguka bila ufunguo kutolewa kwenye paneli, na ufunguo ukitoka skrubu haina umeme, hata ubonyeze nini. Anayeingia ndani huingia na ufunguo wake mfukoni.

Siku ya kuliwasha walikusanyika wote. Mzee Othmar alirudishwa, na Leopold alimwomba asimame kwenye paneli kama heshima yake. Dorothy alichungulia ndani ya tangi kwa tochi, akaita, akasikia sauti yake mwenyewe ikizunguka kwenye chuma, akachungulia tena. Kisha akafunga mlango, akarudisha ufunguo kwenye paneli.

"Hakuna mtu," alisema.

Othmar alibonyeza WASHA. Skrubu ilianza kuzunguka chini ya kahawa, na kioo kikawaka kijani. Watu wakarudi nyuma kidogo, karibu wote pamoja. Mzee peke yake alisogea mbele. Alipiga hatua kuelekea kwenye bati, kiganja kimenyooka, mwili umelegea kama wa mtu aliyeambiwa kuna usalama. Halafu akasimama. Alitazama taa, akautazama mkono wake, akaurudisha polepole kifuani.

Alipogeuka uso wake ulikuwa umesawijika.

"Umeona?" alimuuliza Dorothy kwa sauti ya chini.

"Nimeona, baba."

"Kwangu kijani ni kusogea. Miaka yote hiyo. Kichwa kimeelewa ulichofundisha, lakini mwili hautakiuliza kichwa. Nipe kazi ya ghalani, binti yangu. Nishone magunia. Usiniache hapa."

Dorothy alikuwa amefikiria kila kitu: waya, mlango, ufunguo, rangi. Huyu hakuwa amemfikiria. Alihisi ule ubaridi wa juu ya jabali ukimrudia, na akajua ya kwamba hautamwacha, si mwaka huu wala mwakani. Alibonyeza ZIMA, akasubiri kioo kiwe kijivu na chuma kinyamaze kabisa, ndipo akamshika mzee mkono na kumtoa pale taratibu, kama anayemtoa mtu ukingoni mwa shimo.

Jumatatu iliyofuata Othmar alianza kazi ghalani. Kwenye tangi alisimama Dorothy mwenyewe, na alisimama pale mpaka gunia la mwisho la msimu lilipopita.